Moja Toa ab, na Jumamosi ya Kufulia

Mimi nikifurahi siwezi kukaa kitini. Ndiyo maana Jumamosi ile dada wa Kiganda alitishia kunifukuza kwenye chumba cha kufulia, akisema nitamwangushia sabuni yake. Nilikuwa nazunguka meza ya kukunjia nguo, soksi moja mkononi, namweleza kwa nini Jumanne itakayofuata itakuwa siku kubwa kuliko siku ya harusi yangu. Akaniuliza kama mume wangu analijua hilo. Nikamwambia mume wangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kulijua, na ndiyo maana tuliachana. Alicheka mpaka akakaa juu ya kapu la nguo.

Ilikuwa miaka ya themanini, tukiishi Fisksätra, nje kidogo ya Stockholm, kwenye yale majengo marefu yanayotazamana. Mimi nilitoka Tanga, mwalimu wa hisabati wa shule ya sekondari ya wasichana, nimekuja Stockholm kusoma algebra. Yeye alikimbia Kampala, akapitia Nairobi ambako alikiokota Kiswahili chake, na sasa alikuwa akihudumia wazee kwenye nyumba ya wazee. Alinizidi umri, kwa hiyo nilimwita dada. Yeye aliniita mwalimu, na alikuwa na namna ya kulitamka hilo neno ambayo mpaka leo sijui kama ilikuwa heshima au kejeli.

Chumba cha kufulia kilikuwa chini kabisa ya jengo, na ukutani palikuwa na ubao wenye vitundu, kila siku na vipindi vyake. Kila nyumba ilipewa kikufuli kimoja kidogo chenye namba yake. Ukitaka siku, unakichomeka kwenye kitundu, unazungusha ufunguo, basi. Siku ni yako, hata waziri mkuu aje na mashuka yake atasubiri. Na ukipitiliza muda wako, jirani Mswidi ambaye hajakusalimu tangu uhamie atakuja kusimama mlangoni na kapu lake, akutazame bila kusema neno. Ni afadhali utukanwe.

Jumamosi asubuhi ilikuwa dhahabu. Niliipata kwa bahati, mwenyewe alipohama, na nikaing'ang'ania mwezi hadi mwezi. Dada alikuwa na Alhamisi jioni, akitoka kazini miguu imevimba, watoto wanamlilia chakula. Siku nyingine alikuja Jumamosi yangu na nguo chache, tukafua pamoja. Jumamosi yangu aliitamani waziwazi.

"Siku ukienda kwenu, mwalimu," alikuwa akisema, "hiyo Jumamosi ni yangu mimi. Nisisikie umepatia mtu mwingine."

Kwa kawaida tulicheka. Safari hii sikucheka sana, kwa sababu kwenda kwetu lilikuwa jambo la kweli. Profesa wangu alikuwa ameniambia, kwa sauti yake ile ya chini, kwamba Jumanne nitasimama mbele ya semina niwasilishe teoremu yangu. Baada ya hapo ataamua: ama naendelea mpaka shahada ya udaktari, ama muhula ukiisha narudi nyumbani. Njia ya tatu haikuwepo. Na nyumbani kulikuwa na mkuu wa shule aliyeniaga kwa kuuliza mwanamke wa umri wangu anatafuta hesabu gani tena ambayo haimo kwenye vitabu vya kidato cha nne. Nilitaka kubaki. Niseme ukweli, nilitaka kwa uroho, kama mtoto aliyeonjeshwa halua akanyang'anywa sahani.

Ubao wa mwezi mpya ulikuwa umeshafunguliwa, lakini sikuchomeka kikufuli changu. Nilikitoa mfukoni pamoja na ufunguo wake, nikampa dada. "Shika," nikamwambia. "Jumanne nikifeli, hiki kirudishe ofisini kwa wenye nyumba, halafu uchukue Jumamosi. Sitaki kukiona tena." Alikitia kwenye mfuko wa aproni, akaendelea kukunja nguo. Hilo liliniudhi, maana nilitegemea abishe kidogo.

Badala yake akaniuliza, "Sasa hiyo hesabu yenyewe ni ya nini? Miezi yote hii unasema pete, pete. Na kidoleni huna hata moja."

Haya, hapo ndipo nilipopata la kusema. Nikamwambia pete ya wanahisabati ni mkusanyiko wa vitu unavyoweza kuvijumlisha na kuvizidisha kama namba, ila vyenyewe si lazima viwe namba. Vinaweza kuwa vitendo. Kuzidisha ni kufanya kitendo kimoja halafu kingine, na hapo utaratibu una maana: kufua halafu kuanika si sawa na kuanika halafu kufua. Akasema hilo analijua, ana mtoto wa kiume nyumbani.

Nikachukua shuka lililotoka kwenye mashine ya kukaushia, limekunjamana vibaya, nikalipitisha kwenye ile mashine kubwa ya kunyooshea. Likatoka limenyooka. Nikamwambia, "Hicho kitendo kiite a. Yale makunyanzi ya mwanzo yamekwenda, hakuna mtu duniani anayeweza kuyarudisha vilevile yalivyokuwa. Maji yakimwagika hayazoleki. Sasa tazama." Nikalivuruga shuka kwa mikono yote miwili. "Huku kuvuruga kuite x." Nikalipitisha tena kwenye mashine. "Na hii ni a tena. Nimenyoosha, nimevuruga, nimenyoosha. Nimefika wapi?"

"Palepale," akasema. "Na umeme wa watu umepotea."

"Palepale! Kama vile nimenyoosha mara moja tu. Basi kitu ambacho kina x wa namna hiyo, mimi nakiita kinachorekebishika. Si lazima uweze kukitangua chote. Inatosha uwe na fundi wa kukurudisha mahali ambapo ukikifanya tena, unakuwa hujapoteza kitu." Waswidi walikuwa na neno lao la kitaalamu, lakini mimi nililipenda hili langu. Nilikaribia kulia nikilieleza, jamani. Katika pete nyingi, vitu vingi havitanguki, na watu wavivu huishia hapo. Lakini kujua kipi kinarekebishika na kipi hakirekebishiki, huo ni ulimwengu mzima, na mimi nilikuwa na teoremu yangu ndogo ndani yake. Ilisema kwamba katika pete za aina fulani, ukichukua moja ukatoa zao la vitu viwili, a na b, kinachobaki kinarekebishika.

Dada alikunja shuka lile, akaliweka juu ya mengine. "Ni vizuri," akasema. "Sielewi, lakini nimeona umefurahi." Akawaita watoto wake waliokuwa wakikimbizana koridoni waje kubeba makapu, nao wakamjibu kwa Kiswidi kwamba watakuja baadaye, mama, baadaye.

Jumanne nilipanda treni ya Saltsjöbanan mapema mno. Novemba ilikuwa imekaza, saa tisa alasiri taa za barabarani zinawaka. Nilikuwa nimevaa gauni langu la kitenge juu ya suruali mbili za sufi. Njia nzima mpaka kituo cha Slussen midomo yangu ilikuwa ikienda, na mzee mmoja aliyekaa mbele yangu alihamia kiti kingine.

Chuoni nilimkuta Mkenya mmoja, mwanafunzi mwenzangu, mtu wa kanisa na mpole sana, aliyekuwa akisomea hesabu za kompyuta. Alikuja kunipa moyo, maana alijua Waswidi watakaa kimya. Nikashika chaki, nikaandika teoremu yangu ubaoni kwa herufi kubwa, na chini yake hatua mbili za uthibitisho. Hatua ya kwanza niliitengeneza Dar es Salaam kabla sijaja, chini ya mwalimu wangu wa chuo. Hatua ya pili niliitengeneza hapahapa Stockholm, chini ya profesa. Watu walianza kuingia, wakaweka makoti, wakatoka tena kwenda kwenye kahawa. Kwani huko chuoni kuna desturi moja ambayo imenishinda kuieleza kwa watu wa nyumbani: kitu kikiandikwa saa tisa, kinaanza saa tisa na robo. Ile robo saa ni ya chuo, haina mwenyewe, na kila mtu anaiheshimu kana kwamba imo kwenye katiba.

Yule Mkenya alisimama akiutazama ubao, kichwa upande. "Dada," akasema, "niulize tu swali la kijinga. Ukiandika ab, wewe unaanza na wa kushoto ama wa kulia?"

"Wa kushoto," nikamjibu bila kufikiri. "Si ndivyo unavyosoma?"

"Sawa. Ni vile tu profesa huanza na wa kulia."

Nikageuka kuutazama ubao. Mwalimu wangu wa Dar alisoma ubao kama mtu anavyosoma barua, kutoka kushoto: ab ni a kwanza, halafu b. Profesa, na karibu wote pale Stockholm, alianza na aliye karibu na kitu kinachofanyiwa kazi, yaani kulia: ab ni b kwanza, halafu a. Hakuna aliyekosea. Ila mimi nilikuwa nimeishi kwa wote wawili. Hatua yangu ya kwanza ilikwenda kwa mtindo wa Dar, ya pili kwa mtindo wa Stockholm, na kati yao nilikuwa nimepitisha ab kana kwamba ni kitu kilekile. Sicho. Nilichokuwa nimekithibitisha katika hatua ya kwanza ni kwamba moja toa ab kinarekebishika. Nilichokihitaji ili hatua ya pili isimame ni moja toa ba. Katika namba za kidato cha nne usingeona tofauti. Katika pete yangu, tofauti ilikuwa teoremu nzima.

Mkenya aliiona sura yangu akaanza kuomba radhi. Nikamwambia anyamaze, tena kwa ukali, maskini, na hakustahili. Akatoka polepole akaufunga mlango. Nikabaki peke yangu na ubao, chaki, na robo saa ya chuo.

Cha kwanza nilichokiona si hesabu. Nilimwona mkuu wa shule akitabasamu. Hapo hasira ikanipanda, na hasira yangu kwa kawaida ni mzigo kwa wanaonizunguka, lakini siku ile ilinifaa. Nikasema, haiwezekani. Hivi viwili ni ndugu, ab na ba, haiwezekani mmoja arekebishike na mwenzake apotee hivihivi. Moja toa ab ana fundi wake, x. Nionyeshe fundi wa huyu mwingine.

Basi mkono wangu ukafanya kitu ambacho mwalimu wa sekondari hukifanya hata usingizini. Ukaandika ule mfululizo niliowafundisha wasichana wa kidato cha sita mwaka baada ya mwaka: moja gawanya kwa moja toa r ni moja, jumlisha r, jumlisha r mara r, na kuendelea bila kikomo. Pale r ilipokuwa nikaweka ba. Moja, jumlisha ba, jumlisha baba, jumlisha bababa. Katika pete yangu jumla isiyo na mwisho ni haramu, haina maana yoyote, profesa angeiona angezimia. Lakini ubaoni nilikuwa peke yangu, na ndoto haikatazwi.

Nikaitazama. Ukiacha ile moja ya mwanzo, kila kipande kilianza na b na kuishia na a. Nikavuta b mbele, nikavuta a nyuma, na katikati pakabaki moja, jumlisha ab, jumlisha abab. Pakabaki mfululizo wa yule ndugu mwingine. Na yule tayari alikuwa na fundi.

Nikafuta ile haramu yote kwa kiganja, nikaandika kimoja tu: moja, jumlisha b mara x mara a. Huyu ndiye fundi wangu, kama yupo. Sasa ndoto iende pembeni, tupime kwa halali. Nikaanza kuzidisha: moja toa ba, kisha fundi, kisha moja toa ba tena. Chaki ikakatika, nikaendelea na kipande. Panapokutana moja toa ba na b, unaweza kuipitisha b mbele na ndani pakageuka kuwa moja toa ab. Upande wa pili, a nayo inapita vilevile. Katikati pakakaa moja toa ab, x, moja toa ab, na hao, kwa kuwa x ni fundi wao, wakasinyaa wakawa moja toa ab mmoja tu. Vilivyobaki vikalana vyenyewe kwa vyenyewe. Mwisho wa mstari pakabaki moja toa ba.

Palepale. Nimenyoosha, nimevuruga, nimenyoosha.

Nilipiga kigelegele. Sikukusudia, kilitoka chenyewe, na koridoni nadhani watu walimwaga kahawa. Mlango ukafunguka, akaingia profesa mbele, kikombe mkononi, na wengine nyuma yake, na yule Mkenya mwisho akiwa na uso wa mtu aliyeua.

Sikusubiri kutambulishwa. Nikawaambia, "Uthibitisho niliowaletea una tundu. Nimeligundua sasa hivi, huyu bwana ndiye aliyenionyesha, na nimeliziba. Naomba mnitazame nikiliziba tena." Nikaeleza kuhusu kushoto na kulia, Dar na Stockholm, na vijana wawili wa mstari wa nyuma wakatazamana wakacheka, si kwa kejeli, kama watu waliokwisha kuumwa na nyoka huyohuyo. Kisha nikaandika fundi wangu, nikazidisha mstari kwa mstari. Ile ndoto ya mfululizo niliwaonyesha pia, kwa mbali. Nisingeweza kuificha, ilikuwa nzuri mno.

Nilipomaliza, kimya. Kimya cha Waswidi kinaweza kuwa sifa na kinaweza kuwa msiba, na nilikuwa sijajifunza kuvitofautisha. Profesa akasimama, akaja ubaoni, akachukua kile kipande cha chaki, akapima kila mstari kwa kuweka nukta ndogo pembeni yake. Hakuharakisha. Alipofika mwisho akarudi juu akaanza upya. Kisha akasema kwamba kwa vitu vinavyotanguka kabisa, ujanja huu wazee wanaujua. Kwa vinavyorekebishika tu, yeye hajauona ukiandikwa. Huenda mtu kauandika mahali, lakini wewe, akasema, hukuutoa mahali. Watu wakagonga meza kwa vidole, ndivyo wanavyopiga makofi wao.

Walipotoka nilimzuia mlangoni. Adabu ingenitaka nisubiri aniite ofisini, lakini sikuwa na adabu iliyobaki. "Profesa," nikasema, "nabaki au narudi?"

Alinitazama. Halafu akavuta pumzi ndani, kidogo, kwa midomo iliyobana, kama mtu aliyegusa chai ya moto.

Mwaka wangu wa kwanza nilidhani ana pumu. Nilimwambia hata dada, na dada, ambaye wazee wengi aliowahudumia walitoka kaskazini mwa Uswidi kama profesa, akanieleza: watu wa kule hawasemi ndiyo, wanaivuta. Ile pumzi ndiyo ndiyo yenyewe.

"Utaandika yote upya," akaongeza profesa, akivaa koti. "Kwa mwelekeo mmoja. Uchague wewe." Akaenda zake.

Nilimkumbatia yule Mkenya mpaka miwani yake ikaanguka, nikamwomba radhi kwa ule ukali, naye akasema Mungu ni mwema. Kwenye treni ya kurudi Fisksätra sikumbuki hata kama nilikaa. Nakumbuka nikishuka, barafu nyembamba njiani, mimi nikitembea haraka kuliko inavyoruhusiwa. Jambo moja tu lilikuwa kichwani: kikufuli. Nimwone dada kabla hajakipeleka ofisini, nichomeke Jumamosi yangu kabla haijachukuliwa.

Mtoto wake mkubwa alifungua mlango, akaniambia kwa Kiswidi kwamba mama bado hajarudi kutoka kazini. Habari za kikufuli hakuzijua. Nikaona kusubiri kutaniua, nikashuka chini nikaangalie angalau kama kitundu bado kiko wazi.

Hakikuwa wazi. Jumamosi ya kwanza ya mwezi mpya, asubuhi, ilikuwa na kikufuli. Damu ikanichemka. Nikasema huyu mwanamke hakuweza hata kungoja nizikwe. Nikasogea nisome namba.

Ilikuwa namba yangu.

Niliisoma tena, nikaigusa kwa kidole. Nilikuwa bado nimesimama pale aliposhuka ngazi na koti lake la kazini, mfuko wa viazi mkononi. Mtoto alikuwa amemwambia nilikokwenda.

"Umekichomeka lini?" nikamuuliza.

"Jumamosi ileile. Ulipopanda tu juu na makapu yako."

"Na kama ningefeli?"

Akainua mabega. "Ningekichomoa. Ni kazi gani hiyo, kuzungusha ufunguo?" Akatoa ufunguo mfukoni akanirudishia, ukiwa na joto la mkono wake. "Shika, usiniachie tena vitu vyako. Mimi Alhamisi yangu nimeizoea."

Akaanza kupanda ngazi, akaniita nije nimsaidie kumenya viazi. Nilimfuata. Tulifika mpaka mlangoni kwake, akavua viatu, akawasha taa, akanipa kisu, na hakuwa ameniuliza kama nimefaulu.